Kubadili balbu za dashibodi kuwa LED: Zipi uguse, zipi uziache

Ukiwa na Toyota Altezza, Celica au Nissan Skyline ya zamani, dalili huwa ileile. Giza linaingia, unawasha taa, nusu ya dashibodi inawaka na nusu nyingine imezima. Spidi 0 hadi 60 unaiona vizuri, kuanzia 80 unakisia.

Ukiuliza kwa mafundi umeme wa Manzese, pale kati ya vituo vya mwendokasi vya Tip Top na Argentina, ushauri wa haraka ni mmoja: toa balbu zote, weka LED. Kazi yenyewe haichukui hata nusu siku.

Ushauri huo ni sahihi nusu. Tatizo lipo kwenye neno “zote”. Nyuma ya dashibodi kuna balbu za aina mbili, na aina ya pili siyo pambo. Ukiibadili bila kuelewa, unaweza kuondoka gereji na dashibodi inayong'aa kama ukumbi wa harusi, halafu gari likakuzimikia Kimara usiku kwa sababu betri ilikuwa haichajiwi na hakuna taa iliyokwambia.

Kwa nini balbu zinakufa

Chukua mfano wa Altezza, maana ndiyo gari la spoti lililoingia sana mikononi mwa vijana wa mjini. Ilizinduliwa Japan mwaka 1998, ikatwaa tuzo ya Gari Bora la Mwaka ya nchi hiyo kwa msimu wa 1998–1999, na uzalishaji ukasimama 2005. Taa zake za nyuma zilipendwa mpaka zikaigwa dunia nzima. Kuna nchi ambako taa za mtindo ule huitwa “Altezza” hata zikifungwa kwenye gari la kampuni nyingine.

Lakini ndani, gari hilo ni la enzi za balbu za kawaida, zile za waya mwembamba unaopata moto ndani ya kioo. Hakuna wa kulaumiwa hapo. LED ya bluu yenye mwanga mkali ilitangazwa na Shuji Nakamura wa Japan mwaka 1993, na bila ya bluu hakuna LED nyeupe. Alipopata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, ilikuwa kwa kazi hiyo. Magari mengi ya miaka ya 1990 yalichorwa wakati LED nyeupe bado ni kitu kipya na ghali.

Waya wa balbu huchoka kila unapowashwa, na mtikisiko wa barabara unaumalizia. Gari limekaa Japan miaka kumi, limefika hapa limekaa mingine kumi. Balbu moja ikifa, nyingine haziko mbali, kwa sababu umri wao ni mmoja.

LED haina waya wa kukatika, haichemki sana na inakula umeme kidogo. Balbu ndogo ya T10 inatumia kati ya wati 3 na 5, LED inayokaa mahali pake haifiki hata wati 1 mara nyingi.

Hapo muuzaji anaweza kuongeza chumvi kwamba utapunguza mafuta. Usimsikilize. Taa moja kubwa ya mbele ya halojeni inakula wati 55. Kuokoa wati 15 au 20 kwenye dashibodi nzima hakutabadilisha chochote kwenye sheli.

Taa za mwanga na taa za onyo

Kundi la kwanza ni taa za mwanga. Hizi zinawaka ukiwasha taa ndogo: zinaangaza mshale wa spidi, wa mizunguko ya injini, wa mafuta na wa joto la maji, pamoja na vitufe vya kiyoyozi na saa. Kazi yao ni kukufanya uone. Hizi badili bila wasiwasi.

Kundi la pili ni taa za onyo: betri, oili, CHECK, ABS, SRS ya mifuko ya hewa, hendibreki. Nyingi ya hizi zinawaka sekunde chache tu unapowasha gari, kisha zinakaa kimya. Ndiyo maana mara nyingi balbu zake bado ni nzima hata kama za mwanga zimeshakufa.

Sasa jiulize, balbu inayowaka sekunde chache kwa siku unaibadili ya nini? Haikuongezei mwanga wa kusomea spidi. Haiokoi umeme. Ikiwa imekufa, weka balbu ya kawaida ya wati zilezile.

Kwenye baadhi ya magari, kompyuta ya ABS au ya mifuko ya hewa inapima kama balbu yake ipo kwa kuangalia umeme unaopita. LED inapitisha umeme kidogo mno, hivyo kompyuta inaweza kudhani balbu imeungua. Kuna na usumbufu mwingine: LED inaweza kuwaka kwa mbali hata ikiwa imezimwa, kwa sababu umeme kidogo unaovuja, ambao balbu isingeuhisi, unatosha kuiamsha. Taa ya CHECK inayowaka hafifu kila usiku itakufanya uizoee. Siku ikiwaka kweli hutashtuka.

Taa ya betri ina kazi ya siri

Hii ndiyo inayowaponza wengi, kwa hiyo twende polepole.

Ukiweka swichi kwenye ON kabla ya kupiga stata, umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye balbu ya taa ya betri, unaenda kwenye altaneta. Balbu inawaka. Kwenye magari mengi ya zamani, umeme huo mdogo ndio unaoamsha sumaku ya altaneta ili ianze kuzalisha. Injini ikishawaka, altaneta inatoa umeme wake, pande zote mbili za balbu zinakuwa na volti sawa, na balbu inazima. Kwa maneno mengine, balbu ile ni taa na wakati huohuo ni njia.

Balbu ya wati 3.4 inapitisha karibu ampea 0.28. LED ndogo, pamoja na rezista yake ya kuilinda, inaweza kupitisha takriban ampea 0.02 tu. Kwenye gari linalotegemea njia hiyo, altaneta inaweza isiamke, au ikaamka baada ya kukanyaga mafuta kwa nguvu. LED ikiwekwa kinyumenyume ndiyo mbaya zaidi, maana haipitishi kitu kabisa. Taa haiwaki, na wewe unadhani mambo safi.

Siyo magari yote yako hivyo. Altaneta nyingi za Toyota za miaka ya 1990 zina waya wa tatu, wenye alama ya IG, unaoleta umeme moja kwa moja kutoka kwenye swichi. Zile zinaamka hata balbu ikitolewa. Altaneta nyingi za Nissan za zamani zina nyaya mbili kwenye plagi yake ndogo, L na S, na ule wa L ndio unaopitia kwenye taa. Kwa hiyo mwenye Skyline au Silvia awe makini kuliko mwenye Altezza. Ila kwa kuwa gari la mtumba linaweza kuwa limeshabadilishwa altaneta na aliyekutangulia, usiamini jina lililo nyuma ya buti. Acha balbu ya betri ilivyo, kisha pima.

Usinunue kwa jina la gari

Ukienda Kariakoo, mtaa wa Gerezani, ukasema “nipe LED za dashibodi ya Altezza,” utapewa kilichopo. Dashibodi moja inaweza kuwa na balbu za saizi mbili au tatu. Namba zinazotumika kwenye balbu za Kijapani, kama T5 na T10, zinataja unene wa kioo kwa milimita. T10 ina kioo cha milimita 10, T5 ni milimita 5. Kwenye boksi zenye alama za Ulaya, T10 ya kawaida huandikwa W5W na ile ndogo W1.2W. Nyuma ya vitufe vya kiyoyozi mara nyingi kuna balbu ndogo zaidi, zinazokuja na kitako chake cha plastiki.

Njia salama ni kutoa balbu moja ya kila aina, kuhesabu ziko ngapi, na kwenda nazo mfukoni.

Angalia pia umbo. Balbu ya kawaida inamwaga mwanga pande zote, LED nyingi zinatupa mbele tu. Ukiweka LED yenye jicho moja, utapata doa kali katikati ya namba 100 na giza kwenye 40. Chagua yenye vijicho pembeni, au ile ambayo kichwa chake kimechimbwa kama faneli ili kusambaza mwanga. Tofauti ya bei huwa siyo ya kumfanya mtu akose usingizi.

Kama gari lako lina geji ambazo ni nyeusi kabisa hadi uwashe swichi, ndipo namba na mishale vinajitokeza vyenyewe, simama kwanza. Mfumo huo, ambao Toyota huuita Optitron, ulianza na Celsior, yaani Lexus LS400, mwaka 1989. Ule wa mwanzo hauangazwi na balbu za kuchomeka. Una mirija midogo mfano wa tyubulaiti, inayoendeshwa na umeme wa volti nyingi. Hapo LED za dukani hazina pa kukaa, na siyo kazi ya kujifunzia.

Rangi: bluu inavutia dukani tu

Vijana wengi wanataka bluu. Sawa, gari ni lako. Ila kuna mambo mawili.

Kwanza, dashibodi nyingi za Kijapani zina rangi yake tayari. Ama balbu imevalishwa kofia ndogo ya mpira ya kijani au ya bluu, ama nyuma ya uso wa geji kuna karatasi ya plastiki yenye rangi. Karatasi hiyo inapitisha rangi yake na kuzuia nyingine. Weka LED nyekundu nyuma ya karatasi ya kijani, utapata kitu kama giza. Weka nyeupe, utapata kijani safi. Kama unataka dashibodi irudi kama ilivyotoka kiwandani, LED nyeupe ndiyo ya kuanza nayo. Kama unataka rangi nyingine, lazima kofia au karatasi itoke, na kuitoa karatasi ni kazi ya kukwaruza iliyoharibu geji nyingi.

Pili, macho. Usiku jicho linajizoesha na giza, na mwanga mkali wa bluu karibu na uso unalirudisha nyuma. Barabara ya Morogoro ina watu wanaovuka, bodaboda zisizo na taa na guta zilizosimama pembeni. Hutaki kumwona mtu sekunde moja baadaye kwa sababu ya urembo wa geji.

Na usitegemee kile kitufe cha kuzungusha cha kupunguza mwanga. Kwenye magari ya zamani mara nyingi ni rezista tu, inayofanya kazi kwa sababu balbu inavuta umeme mwingi. LED inavuta kidogo, hivyo unaweza kuzungusha mpaka mwisho na mwanga ukabaki uleule. Nunua LED za mwanga wa wastani tangu mwanzo. Jaribu mbili usiku kabla ya kufunga zote.

Taa za onyo usizibadili rangi kabisa. Nyekundu ni hatari, simama. Njano ni tahadhari, shughulikia. Lugha hiyo ni ya dunia nzima, na anayekuazima gari naye anaisoma hivyohivyo.

Kazi yenyewe

Kabla ya chochote, washa swichi bila kuwasha injini, piga picha ya dashibodi kwa simu. Ionekane kilomita na taa zote za onyo zilizowaka. Picha hiyo inakulinda mara mbili: utajua taa ipi ilikuwa inawaka kabla fundi hajagusa, na utajua kama geji uliyorudishiwa ni yako. Kuna geji zinazouzwa kwa bei nzuri.

Kisha zima swichi na toa waya wa hasi wa betri. Kwa Toyota yenye mifuko ya hewa, subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa nyaya zozote karibu na usukani. Mfumo ule una akiba yake ya umeme, ndiyo maana vitabu vya Toyota vinataja muda huo.

Plastiki ya miaka 20 iliyoiva na jua la Dar haina huruma. Fremu ya geji inashikwa na skrubu chache na vibanio. Skrubu zikiisha, usivute kwa hasira, tumia kipande cha plastiki bapa kufungulia vibanio. Shusha usukani hadi chini kama unashuka. Geji ikisogea mbele, chomoa plagi za nyuma kwa kubonyeza ulimi wake.

Nyuma utaona soketi ndogo za kuzungusha robo mzunguko. Chini yake kuna karatasi ya plastiki yenye mistari ya shaba, ambayo ndiyo waya wa dashibodi nzima. Hii ndiyo sehemu ya kuheshimu. Soketi ikilazimishwa kwa koleo inachana mstari wa shaba, na mstari mmoja unaweza kuwa unalisha taa nne. Safisha pale soketi inapogusa kwa kitambaa kikavu, maana vumbi na kutu vinafanya hata LED mpya iwe inawaka na kuzima.

LED ina chanya na hasi, balbu haina. Kwa hiyo, kabla ya kurudisha geji, chomeka plagi, rudisha waya wa betri, washa taa ndogo na uangalie. Ambayo haiwaki siyo mbovu lazima. Zima, itoe, igeuze upande wa pili, irudishe. Fundi anayefunga kila kitu ndipo ajaribu atafungua tena, na muda huo ni wako.

Jambo moja la kukataa kabisa: usiruhusu mishale ing'olewe ili “ipakwe rangi” au ili uso wa geji ubadilishwe, kama kazi ni balbu tu. Mshale ukirudi umepinda nyuzi chache, gari litakuonyesha 50 wakati unakwenda 60. Trafiki mwenye tochi hatauliza nani alikufungia geji, na faini ni yako.

Kabla hujalipa

Weka swichi ON, injini isiwake. Linganisha na ile picha. Betri, oili, CHECK, ABS na SRS zilizokuwa zinawaka mwanzo lazima ziwake tena. Ikikosekana hata moja, kazi haijaisha, hata kama geji inapendeza.

Washa injini. Taa ya betri na ya oili zizime. Sasa chukua maltimita, kifaa ambacho fundi umeme yeyote anacho, upime kwenye vichwa vya betri. Betri nzima, gari likiwa limezimwa, husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka inapaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, altaneta haichaji. Kanyaga mafuta kidogo. Ikiruka ghafla hadi 14 baada ya kukanyaga, altaneta imechelewa kuamka, na mtuhumiwa wa kwanza ni ile balbu ya betri. Rudisha balbu ya kawaida, zima gari, rudia kipimo.

Malizia na indiketa kulia na kushoto, fulu, na hendibreki. Fundi asiye na haraka ya mteja mwingine atakufanyia haya yote kwa dakika kumi.

Kama unanunua gari lililokwishabadilishwa

Dashibodi yenye LED mpya kwenye gari la zamani siyo kosa, lakini ni ushahidi kwamba geji imewahi kufunguliwa. Mtu akifungua geji anaweza pia kutoa balbu ya CHECK ili mnunuzi asione injini inalalamika. Ndiyo maana jaribio la ON linafanywa kabla ya kuwasha injini, na muuzaji anayewasha haraka kabla hujakaa vizuri mwombe azime, asubiri, aanze upya.

Wajanja zaidi hawatoi balbu. Wanaunganisha waya wa taa yenye tatizo na waya wa taa ya oili, ili ziwake na kuzima pamoja, mnunuzi aridhike. Kwa SRS ni rahisi kuwagundua. Kwenye Toyota nyingi, taa hiyo huwaka swichi ikiwekwa ON na kuzima yenyewe baada ya sekunde sita hivi, hata kama injini haijawaka. Kwa hiyo weka ON, usipige stata, hesabu taratibu hadi kumi. Ikiwa SRS bado inawaka, kisha ukipiga stata inazima sekunde ileile na taa ya oili, mwambie muuzaji afungue geji mbele yako kabla hamjaongea bei.